Makaratasi ya siri ya familia: tuyahifadhi wapi mtandaoni ili tuyafungue sisi wenyewe tu?

Mama Tausi wa Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu, lakini nataka nijibiwe na watu walioelewa tatizo lenyewe.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Ameacha nyumba Chang'ombe na kiwanja Nkuhungu. Makaratasi yake yote, mengine ya enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja Dodoma, kabla haijavunjwa mwaka 2017, alikuwa anayaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mwezi uliopita tumelifungua kwa ajili ya mirathi. Mkaaji wa Dodoma anaijua ile mistari myembamba ya udongo inayopanda ukutani. Mchwa waliingilia kwenye kitundu cha kutu, kona ya nyuma ya sanduku. Barua ya toleo ya kiwanja imebaki upande wa kushoto, upande wa kulia ni vumbi. Risiti za kodi ya pango la ardhi zimegandana, ukijaribu kuzitenganisha zinachanika. Vilivyopona ni vyeti viwili vilivyokuwa ndani ya plastiki, na hivyo navyo vimetobolewa pembeni.

Nikasema yaliyobaki yote nayapiga skani. Nikaenda steshenari moja mjini. Kijana wa pale ana adabu, alifanya kazi yake vizuri, ila alipofungua kompyuta anitumie kwa WhatsApp nikaona kioo kizima. Kulikuwa na kitambulisho cha NIDA cha mama mmoja, cheti cha ndoa, mkataba wa mauziano ya shamba wenye dole gumba la mzee wa watu, na majibu ya vipimo vya hospitali yenye jina kamili la mgonjwa. Wateja wa miezi mingi walikuwa wamelala pale juu ya kioo. Nikamwomba afute vya kwangu. Akafuta, nikaviona vimekwenda kwenye pipa la taka la kompyuta, na ndani ya pipa kulikuwa na vya watu wengine mamia. Nikamwomba alimwage lote mbele yangu.

Sasa naombeni ushauri wa hifadhi ya mtandaoni. Mchwa wasiifikie, na mtu mwingine asiweze kufungua, hata kampuni yenyewe. Kaka yangu yuko Singida na dada yangu yuko Manyoni, nao wanahitaji kuyaona. Sina hela ya kulipia kila mwezi, mimi ni mwalimu.

Chilonwa Boy

Pole sana dada kwa msiba na kwa hilo sanduku. Tumia Google Drive. Simu yako tayari unayo, unapewa GB 15 bure, unawashirikisha ndugu zako kwa barua pepe. Mimi natumia tangu nipo chuo, haijawahi kunisumbua.

Fundi Makole

Mama Tausi, shikamoo. Nafanya kazi ya kompyuta hapa mjini na hili swali naulizwa kila wiki, ila wengi huuliza tofauti na ulivyouliza wewe. Wengi wanauliza "GB ngapi". Wewe umeuliza nani anaweza kufungua, na hilo ndilo swali la kwanza.

Aliyewahi kupanga ataelewa haraka. Unahamia chumba chako, unafunga mlango, unaondoka na ufunguo. Mwenye nyumba naye ana ufunguo wa akiba. Huenda ni mtu mwema, haingii kamwe. Lakini akitaka kuingia ataingia, mjumbe akija na barua atamfungulia, na mwizi akimwibia mwenye nyumba lile fungu la funguo basi vyumba vyote vimeibiwa siku moja. Google Drive, OneDrive na Dropbox za kawaida ziko hivyo. Mafaili yako yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka, huo ni ukweli. Ila ufunguo wa kuyasimbua wanao wao.

Aina ya pili ni ile ambayo faili linasimbwa kwenye simu yako kabla halijaondoka. Kinachofika kwenye seva yao, yaani kompyuta zao za kuhifadhia, ni makapi wasiyoweza kuyasoma, kwa sababu ufunguo unatengenezwa kutokana na nywila yako, na nywila hiyo wao hawapewi. Hao wanaitwa wa usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Proton Drive ni wa aina hiyo, MEGA ni wa aina hiyo, Tresorit, Sync.com na Filen pia. pCloud yeye amegawanya: akaunti ya kawaida ufunguo anao yeye, ukitaka folda asiyoweza kuifungua unaongeza malipo.

Chilonwa Boy hajakosea, kwa picha za harusi na notisi za chuo Google Drive inatosha kabisa. Kwa barua ya toleo na majibu ya hospitali, mimi nisingeweka humo vikiwa wazi.

Chilonwa Boy

Mkuu lakini nani pale Google ataacha kazi zake aje asome cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Chilonwa?

Fundi Makole

Mara nyingi mtu hasomi. Mashine ndiyo zinapitia. Mwaka 2021 kule San Francisco baba mmoja alipiga picha ya mtoto wake mdogo aliyekuwa na uvimbe sehemu za siri, kwa sababu nesi alitaka daktari azione kabla ya kumhudumia kwa njia ya mtandao. Simu ikapandisha zile picha zenyewe kwenye hifadhi. Mashine ikaziona, ikadhani ni unyanyasaji wa mtoto, akaunti ikafungwa. Polisi walichunguza wakasema hana kosa. Akaunti hakurudishiwa. Barua pepe, majina ya watu, picha za mtoto tangu azaliwe, na namba ya simu aliyokuwa amenunua kwao, vyote vikaondoka. Habari hii ilitoka magazetini Marekani Agosti 2022.

Sisemi kazi ya kukamata wanaonyanyasa watoto ni mbaya, iendelee na Mungu awasaidie. Nasema hivi: kama mwenye nyumba anaweza kuingia, anaweza pia kukosea akiwa ndani.

Bint Kondoa

Nasubiri hapa hapa, uzi huu nimeuhitaji siku nyingi.

Zabibu ya Hombolo

Nimetumia zote mbili alizotaja Fundi mwanzoni, MEGA na Proton, nawaeleza nilivyoziona.

MEGA inakupa GB 20 bure. Ilifunguliwa Januari 2013 New Zealand na Kim Dotcom, mwaka mmoja baada ya Wamarekani kufunga Megaupload, tovuti yake ya kuhifadhi mafaili. Yeye mwenyewe aliondoka kitambo. Ukijiunga wanakupa ufunguo wa kurejesha, mstari mmoja wa herufi na namba. Watu wengi wanaubonyeza kupita, hilo ni kosa kubwa, nitarudi hapo. Shida ya bure ni kwamba ukishusha mafaili mengi kwa mkupuo wanakusimamisha usubiri saa kadhaa. Kwa makaratasi hutaligundua hilo, kwa video utaligundua.

Proton ni kampuni ya Uswisi, ilianza 2014 na barua pepe, waanzilishi wake walikutana CERN, ile maabara kubwa ya fizikia. Hiyo Drive waliifungua rasmi Septemba 2022. Bure ni GB 5. Hapo watu husema GB 5 ni kidogo, sasa piga hesabu. Ukurasa mmoja wa skani safi ni kama KB 500, tuseme MB 1 ukizidisha. Familia yenye kurasa 200 za makaratasi muhimu ina MB 200. Humo kwenye GB 5 zinaingia familia 25. Picha na video ndizo zinazokula nafasi, makaratasi hayali. Kwa hiyo dada Tausi usikubali kuuziwa GB 2000 kwa ajili ya sanduku moja la baba.

Kwa simu ya kawaida Proton naiona nyepesi. Unaweza kumtumia kaka yako kiungo chenye nywila yake na tarehe ya kuisha. Kiungo kinakwenda kwa njia moja, nywila mpigie simu umtajie kwa mdomo, usiandike vyote kwenye meseji moja.

Msomi wa Chimwaga

Niongeze jambo ambalo matangazo ya hizi kampuni hayasemi. Nipo UDOM, nasoma mambo haya ya usalama wa mifumo.

"Usimbaji wa mwisho hadi mwisho" ni ahadi, na ahadi hupimwa. Juni 2022 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba mtu aliyeshika seva za MEGA angeweza, kwa kusubiri mteja aingie mara nyingi za kutosha, kupata ufunguo wake na kusoma mafaili. MEGA wakaziba. Oktoba 2024 watafiti wa chuo hicho hicho wakatoa matokeo ya kampuni tano: Sync, pCloud, Icedrive, Seafile na Tresorit. Karibu zote zilikutwa na udhaifu mzito, kwa mfano mtu aliyeiteka seva kuweza kupenyeza faili ndani ya hifadhi yako likaonekana umeliweka wewe. Tresorit ndiyo iliyotoka na majeraha madogo.

Msitishike mkarudi kwenye flashi peke yake. Mashambulizi hayo yanataka mtu awe ameishika seva ya kampuni, si kibaka wa Sabasaba. Ninachokitoa hapo ni kwamba kufuli bora ni lile usilonunua kwa yule yule anayekuuzia chumba. Mimi natumia Cryptomator. Ni programu ya Wajerumani, maandishi ya ndani ya programu yako wazi kila mtu ayachunguze, kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android unalipa mara moja tu. Inatengeneza sanduku ndani ya folda yako ya Google Drive au nyingine yoyote. Kila unachokitumbukiza kinasimbwa hapo hapo, hata jina la faili linasimbwa. Nimefungua Google Drive yangu kwa kivinjari sasa hivi ili niwape mfano sahihi: naona folda inaitwa "d", ndani yake folda za herufi mbili mbili, ndani yake folda na mafaili ya majina marefu yasiyo na maana. Google wanachokijua ni kwamba nina kitu, na kina ukubwa gani.

Wengine watakutajia VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba. Ni nzuri sana kwa flashi na diski ya nje. Kwa mtandaoni ina kero moja: inatengeneza faili moja kubwa linaloitwa kontena, na kwa huduma nyingi ukibadilisha karatasi moja kontena zima linapanda upya. Bando litakuua.

Bint Kondoa

Sasa wakuu naomba niseme langu, maana hapa mnaongea funguo kana kwamba ufunguo haupotei.

Mwaka 2022 nilifungua akaunti ya hifadhi ya namna hiyo hiyo mnayoisifia, sitaitaja kwa sababu kosa halikuwa lao. Mwanangu wa kwanza alizaliwa akiwa njiti, tulikaa hospitali wiki saba. Picha zake zote za wiki zile niliziweka humo, nikafuta kwenye simu kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Nywila niliandika nyuma ya kadi ya kliniki. Kadi ikaloa mvua ya masika, wino ukatawanyika, nikabaki naona herufi nne za mwanzo.

Nikawaandikia. Walinijibu kwa heshima siku ya pili, wakasema hawana namna, wao ufunguo hawana. Nilijaribu nywila zaidi ya mia moja kwenye daftari, nazipigia mstari moja moja. Picha zipo mpaka leo hii, kwenye kompyuta za watu Ulaya huko, na hakuna mtu duniani anayeweza kuziona. Mtoto ana afya, anasoma chekechea. Akiniuliza alikuwaje mdogo nina picha mbili, alizopiga shangazi yake.

Basi mnapomshauri mwenzenu, anzeni na ufunguo wa akiba ndipo mtaje kampuni.

Zabibu ya Hombolo

Bint Kondoa pole sana mdogo wangu. Hili ndilo nililosema nitalirudia na wewe umelisema kwa uchungu wake.

MEGA wana ule ufunguo wa kurejesha. Proton wana maneno 12 ya Kiingereza, unayapata kwenye mipangilio sehemu ya urejeshaji. Cryptomator nayo inakupa orodha ndefu ya maneno wakati wa kutengeneza sanduku. Yaandike kwa kalamu ya risasi, kalamu ya risasi haitawanyiki kwa maji. Karatasi itie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha. Mchwa hawali kioo. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mtu unayemwamini.

Na wale wa Proton nawaonya: ukisahau nywila ukaibadilisha kwa njia ya barua pepe au simu, akaunti inafunguka lakini mafaili ya zamani yanabaki yamefungwa mpaka ulete kitu cha kurejeshea, kama yale maneno 12 au nywila ya zamani.

Mstaafu wa Mpwapwa

Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi masjala miaka thelathini na moja, naomba niongee kidogo kuhusu kuamini mahali pamoja.

Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha kompyuta cha serikali ya Korea Kusini, mji wa Daejeon, kiliungua. Watumishi wa serikali walikuwa wameelekezwa wasihifadhi kazi kwenye kompyuta zao, waweke kwenye hifadhi ya pamoja iliyoitwa G-Drive. Terabaiti 858 ziliungua, na nakala nyingine haikuwepo, kwa maelezo kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Taifa lenye viwanda vya simu na kompyuta! Ufaransa nako, Strasbourg, Machi 2021, jengo zima la OVH, kampuni ya kuhifadhi data, liliteketea, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine waliambulia majivu.

Enzi zetu masjala tulikuwa na kanuni: waraka mzito una nakala ya faili, nakala ya ofisi ya mkoa na nakala ya Dar. Ninyi fanyeni hivyo hivyo. Nakala moja mtandaoni, diski ya nje iliyosimbwa nyumbani, na nyingine kwa ndugu. Na karatasi halisi msiitupe. Mahakamani na ardhi watataka kuiona karatasi, skani itakusaidia kuonyesha kilichokuwepo na kuombea nakala nyingine.

Wale wa Katesh, Hanang, tope la tarehe 3 Desemba 2023 liliwaacha watu bila cheti cha kuzaliwa, bila hati, bila kadi ya kliniki. Kupata vyote hivyo upya unaanzia polisi na karatasi ya upotevu, kisha ofisi baada ya ofisi, wakati hata godoro huna.

Chilonwa Boy

Mzee shikamoo, umenigusa. Tena nimekumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Nilikuwa na usaili Mtumba, vyeti vyangu vyote viko Drive, intaneti hakuna. Nilizunguka steshenari tatu. Nimeona sasa hata nakala ya mfukoni ni lazima.

Fundi Makole

Kuna mlango mmoja hamjaugusa, na kwa ninayoyaona dukani ndio huo watu wengi wanaibiwa kwa kuupitia.

Mama Tausi, ukirudia skani usirudi steshenari. Piga kwa simu, mchana, karatasi ikiwa juu ya meza karibu na dirisha. Lakini kabla hujapiga, fungua Google Photos uzime uhifadhi wa picha unaojiendesha. Usipozima, hati unayotaka kuificha inapanda yenyewe ikiwa wazi kabla hujafika kwenye Cryptomator wala Proton. Ukimaliza kuisimba, ifute kwenye picha na kwenye pipa la taka pia, maana picha iliyokuwa imepandishwa hukaa kwenye pipa siku 60.

WhatsApp nayo. Ile nakala yake inayopanda Google Drive haijasimbwa kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe, hiyo huduma ipo tangu 2021. Na kwenye vifaa vilivyounganishwa angalia kama WhatsApp yako haijabaki wazi kwenye kompyuta ya mtu. Wiki hii tu nimemwondolea mteja kompyuta mbili asizozijua.

Halafu akaunti yenyewe iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na msimbo utoke kwenye programu ya misimbo, usitegemee meseji ya kawaida. Laini inaibiwa, inapotea, ukiiacha muda mrefu anauziwa mwingine. Google wanakupa misimbo 10 ya akiba ya tarakimu nane nane, ichapishe uiweke kwenye ile chupa ya Zabibu.

Nesi wa Bahi

Naomba kuuliza. Sisi kituoni kuna mtu anapiga picha rejesta za wagonjwa anaziweka kwenye Drive yake binafsi ili aandike ripoti nyumbani. Akitumia hiyo Proton itakuwa sawa?

Msomi wa Chimwaga

Dada hapana, na usalama wa programu si hoja hapo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa za afya kwa sheria hiyo ni taarifa nyeti, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Seva ya Uswisi ni nje ya nchi. Za kwako mwenyewe una haki ya kuzipeleka popote. Za mgonjwa si zako. Mwambie mwenzako aache leo, afute, na ripoti aandikie kituoni.

Mstaafu wa Mpwapwa

Na watumishi wa ofisi nyingine msikie hilo. Barua ya serikali haikai kwenye akaunti binafsi, iwe imesimbwa au haijasimbwa.

Bint Kondoa

Mama Tausi, nikuulize kitu ambacho mimi sikujiuliza. Baba alikufa, sanduku mlilifungua kwa sababu bati halina nywila. Ukiondoka wewe leo, Tausi atafunguaje?

Mama Tausi wa Ilazo

Nimesoma yote, nimesoma tena. Bint Kondoa, swali lako lilinikosesha usingizi, na ndilo limeamua nifanye nini. Wiki mbili zimepita, naleta mrejesho.

Kwa kampuni nimechagua Proton Drive ya bure kwa makaratasi. Nilitaka Cryptomator ndani ya Google Drive kama alivyosema Msomi, nikajaribu kwenye kompyuta ya shule ikakubali, lakini dada yangu wa Manyoni ana simu tu na hataweza kuhangaika na programu mbili. Kitu ambacho ndugu zangu hawawezi kukifungua hakinisaidii. Picha za kawaida za familia zimebaki Google.

Jumamosi nilizima ule uhifadhi wa picha, nikatandaza khanga nyeusi mezani, nikapiga karatasi moja moja. Zimefika 62. Ile barua ya toleo iliyoliwa nimeipiga mbele na nyuma, na vipande vilivyodondoka nimevipanga juu ya kioo nikavipiga pia, kwa sababu kwenye kipande kimoja kuna tarakimu tatu za mwisho za namba ya kiwanja. Jumla yote ni MB 88. Zabibu, umesema kweli.

Majina ya mafaili nimeyaandika kwa mpangilio mmoja: mwaka, aina, mahali. Nilitaka kuyapa majina ya kuficha nikaona nitajichanganya mwenyewe.

Yale maneno 12 nimeyaandika kwa kalamu ya risasi mara mbili. Karatasi moja iko kwenye chupa ya kahawa, hapa nyumbani, Tausi anajua iko wapi. Ya pili nilimpelekea kaka Singida kwa mkono wangu, sikuitoa kwa kondakta wala sikuipiga picha. Shemeji aliniuliza nimesafiri mpaka huko kwa ajili ya kikaratasi, nikamweleza habari ya sanduku akanyamaza, akanitafutia chupa.

Google nayo nimeiweka vizuri. Kuna mahali kwenye mipangilio unamchagua mtu wa kupewa vitu vyako akaunti ikikaa muda bila kuguswa. Nimeweka jina la dada. Na nimejua kwamba akaunti isiyofunguliwa kwa miaka 2 wanaweza kuifuta, kwa hiyo akaunti ya baba ya barua pepe tumeifungua kwa simu yake na tumenakili yaliyomo kabla haijafikia huko.

Diski ya nje bado sijanunua, nasubiri mwisho wa mwezi. Nitaisimba kwa VeraCrypt, Fundi nitakuja dukani unielekeze.

Fundi Makole

Karibu sana mwalimu. Njoo nayo ikiwa tupu, usije na makaratasi, na nywila utaandika mwenyewe mimi nikiwa nimegeuka. Swali moja: umejaribu kurejesha? Hifadhi ambayo hujawahi kuirejesha hujui kama unayo.

Mama Tausi wa Ilazo

Hapo ndipo nilikuwa sijafika. Nimejaribu jana usiku.

Nilimpigia dada Manyoni, nikamtumia kiungo cha folda kwa WhatsApp, nywila nikamtajia kwenye simu, herufi kwa herufi, akarudia mara mbili. Mtandao wake ulikuwa dhaifu, akatoka nje akasimama karibu na mwembe. Ikafunguka. Nikamwambia afungue ya mwaka 1994, barua ya toleo, Nkuhungu. Akakaa kimya muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kunisomea: jina la baba, sanduku la posta, namba ya kitalu. Alipofika pale palipoliwa akasema hapa hapasomeki, nikamwambia fungua faili linalofuata, la vipande.

Akazisoma zile tarakimu tatu.